Kifungo cha maisha: je, Mkristo anaruhusiwa kufurahi?



Vijana wenzangu, leo tuongee jambo ambalo kwenye vikundi vyetu huwa tunalipita haraka. Mtu anasema "tusamehe saba mara sabini", wote tunaitikia, tunafunga kwa sala, tunaenda kunywa chai. Nataka tuiangalie kesi ya Garissa.

Kwa wadogo zangu ambao hamkumbuki: alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015, siku ya Alhamisi Kuu, watu wanne wenye bunduki wa kundi la Al-Shabaab waliingia Chuo Kikuu cha Garissa, Kenya. Waliwakuta baadhi ya wanafunzi kwenye sala ya asubuhi. Wakaenda mabwenini, wakawa wanawatenga Wakristo ili wawaue. Watu 148 walipoteza maisha, wengi wao wanafunzi, watu wa umri wetu kabisa.

Wale wanne walikufa siku hiyohiyo, hawakufika mahakamani. Waliobaki kujibu ni walioshtakiwa kushirikiana nao. Juni 2019 mahakama ya Milimani, Nairobi, iliwatia hatiani watu watatu, na tarehe 3 Julai wawili walipewa miaka 41 kila mmoja. Wa tatu, Rashid Charles Mberesero, alipewa kifungo cha maisha. Huyo alikuwa kijana, tena Mtanzania.

Watu waliipokeaje hukumu ile? Kuna walioshukuru kwamba angalau kuna mtu amewajibishwa. Kuna waliosema kifungo ni zawadi: atakula, atalala, atatibiwa kwa kodi ya wazazi walewale waliozika watoto wao, bora angenyongwa. (Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987, ingawa adhabu hiyo bado imo kwenye sheria.) Wengine waligeuza hukumu ya watu watatu kuwa hukumu ya dini nzima, hata kama Desemba ya mwaka uleule wa 2015, kwenye basi la kwenda Mandera, abiria Waislamu walikataa kutengana na Wakristo. Mmoja wao, mwalimu Salah Farah, alipigwa risasi, akafa mwezi uliofuata. Na huku kwetu kulikuwa na ile aibu ya chinichini: kumbe ni wa kwetu.

Sasa, hasira ile ilikuwa dhambi?

Mtakatifu Thoma wa Akwino hakimbilii kusema ndiyo. Kwake, kumtakia mkosaji adhabu kunaweza hata kuwa fadhila, ikiwa unachokitafuta ni kitu chema: jamii ilindwe, haki irudishwe, mkosaji ajirekebishe. Kinageuka dhambi pale unapotaka aumie kwa sababu tu kuumia kwake kunakufurahisha. Katekisimu imeichukua tofauti hiyo (KKK 2302). Kwa hiyo mama aliyezika binti yake akasema "afungwe, asitoke", tusimkimbilie na mistari ya Biblia. Soma Mwanzo 4: damu ya Abeli inalia kutoka ardhini, na Mungu anaisikia. Hamwambii Abeli anyamaze. Lakini sura ileile, Mungu anamtia Kaini alama ili mtu yeyote asimuue. Kaini anaadhibiwa kweli, ila uhai wake si wa kuchukuliwa na yeyote. Ndiyo maana mwaka 2018 Papa Fransisko alirekebisha KKK 2267, na Kanisa sasa linafundisha kwamba adhabu ya kifo haikubaliki kabisa. Kwa hiyo "angenyongwa" kwetu Wakatoliki imefungwa.

Basi tushangilie kifungo cha maisha? Hapo ndo pagumu. Papa huyohuyo, Oktoba 2014, alikiita kifungo cha maisha adhabu ya kifo iliyofichwa, na akakumbusha kwamba Vatikani imekwisha kukiondoa kwenye sheria zake. Hoja yake ni matumaini: mtu asiyeweza kutoka hata akibadilika, umemwambia kuwa kubadilika kwake si kitu. Mimi nadhani yuko sahihi, ila naona tunairuka hatua moja tukimnukuu. Kuacha mlango si kuufungua kesho.

Mtazame Yohane Paulo II. Alipigwa risasi tarehe 13 Mei 1981. Siku nne baadaye, akiwa bado hospitalini, alitangaza kumsamehe Ali Ağca. Julai mahakama ya Italia ikampa Ağca kifungo cha maisha, na msamaha wa Papa haukuizuia. Desemba 1983 Papa alimfuata gerezani, wakakaa wakaongea wawili. Ağca alipata msamaha wa Rais wa Italia mwaka 2000 tu, miaka 19 baadaye, jambo ambalo Papa mwenyewe alilitaka. Msamaha ulikuja siku ya nne. Gereza liliendelea miaka 19. Havikugombana.

Kwa Mberesero hakukuwa na miaka 19. Novemba 2020, mwaka mmoja na miezi minne baada ya hukumu, alikutwa amekufa katika gereza la Kamiti. Taarifa zilisema alijiua. Wapo waliofurahi tena, na hapa tofauti ya Thoma inauma. Kifo chake hakikumlinda mtu yeyote, kwa kuwa alikuwa ndani tayari. Hakikumrudisha hata mmoja kati ya wale 148. Hakikumrekebisha. Ukiviondoa hivyo vyote, furaha iliyobaki ni ya nini, jamani?

Kanisa huwaombea hata waliojiua (KKK 2283). Basi kwenye TYCS na VIWAWA jadilini hili: siku ya kuwakumbuka marehemu wa Garissa, jina lake litajwe kwenye nia za Misa? Kwa maoni yangu, lisitajwe kwa sauti mbele ya wazazi wale bila ridhaa yao. Kimoyomoyo, kila mmoja anaweza kulitaja leo hii. Wenzangu wawili hapa seminarini wanapinga, wanasema nia za Misa hazihitaji ridhaa ya mtu. Ninyi mnasemaje?