Namna ya Kubandika Tanbihi kwenye Komiti za Git

Mpunga unaovunwa katika mradi wa umwagiliaji wa Ahero hutoka shambani ukiwa bado na maji, kwa hiyo uzito wa siku ya mavuno si uzito utakaobaki baada ya kuuanika. Gunia la kilo 80 lenye unyevu wa asilimia 20, likikaushwa mpaka asilimia 14, hubaki na kilo 74.4 hivi. Tuseme vijana wawili wa hapa wanatengeneza programu ndogo ya kumsaidia mkulima kupiga hesabu hiyo kwenye simu. Mmoja anagusa mstari mmoja tu: palipokuwa na 13 anaweka 14. Anahifadhi kazi yake kwa maneno manne, "Rekebisha hesabu ya kilo", kisha anaendelea na mengine. Miezi inapita, mwenzake anafungua mstari ule na kuuliza: hii 14 imetoka wapi?

Jibu lipo. Mnunuzi alitaka mpunga wa asilimia 14, ndiyo maana namba ikabadilishwa. Shida ni mahali pa kuliandika jibu hilo, maana badiliko lenyewe limeshahifadhiwa na kutumwa kwa wenzake. Hapo ndipo tanbihi za Git zinapofaa, na ajabu ni kwamba watu wengi wanaotumia Git kila siku hawajui kama zipo.

Ikiwa Git ni jina geni kwako, tuanzie hapo. Git ni programu ya kutunza historia ya kazi yako. Iliandikwa mwaka 2005 na Linus Torvalds, yule yule aliyeanzisha Linux. Kila unapofika hatua ya kuridhisha unaiambia Git ihifadhi, nayo inaweka picha ya mafaili yote yalivyo wakati huo pamoja na jina lako, saa, na ujumbe mfupi wa kueleza ulichofanya. Hatua moja iliyohifadhiwa hivyo huitwa komiti. Mkusanyiko wa komiti zote za mradi mmoja tutauita ghala. Ghala linakaa kwenye kompyuta yako mwenyewe, na nakala yake unaweza kuiweka kwenye seva, yaani kompyuta ya mbali inayofikiwa kwa intaneti, kwa mfano kupitia GitHub.

Utauliza: si nirudi tu nikaurekebishe ule ujumbe mfupi? Unaweza, lakini kuna gharama. Kila komiti ina kitambulisho chake, mfululizo wa herufi na tarakimu 40, na kitambulisho hicho hukokotolewa kutokana na kila kilichomo: mafaili, jina, saa, ujumbe, na hata kitambulisho cha komiti iliyotangulia. Ukibadilisha nukta moja kwenye ujumbe, kitambulisho kinakuwa kingine, na vya komiti zote zilizofuata vinabadilika vilevile. Kama hujamtumia mtu yeyote kazi hiyo, hakuna neno, rekebisha utakavyo. Lakini kama mwenzako ana nakala, sasa yeye ana historia moja na wewe una nyingine, na mtatumia siku nzima kuzipatanisha.

Tanbihi inakwepa balaa hilo. Ni kama karatasi ndogo unayoibana kwa pini kwenye risiti ya mzani: risiti haiguswi, namba zake hazibadiliki, lakini anayeisoma anasoma na karatasi. Git huweka tanbihi kando, kwenye mstari wake wa historia unaoitwa `refs/notes/commits`, na kukumbuka tu kila tanbihi ni ya komiti ipi. Uwezo huu uliingia katika toleo la 1.6.6 mwishoni mwa 2009, kwa hiyo Git yoyote utakayoipata leo inao.

Gharama? Git ni bure. Kwenye Windows unaipakua kutoka git-scm.com, kwenye Ubuntu unaandika `sudo apt install git`. Asiye na kompyuta na ana simu ya Android anaweza kuweka Termux, programu ya bure inayopatikana katika duka la programu la F-Droid, halafu ndani yake aandike `pkg install git`. Kitakachokula pesa ni bando la kupakua mara ya kwanza. Ukiona bando halitoshi, nenda saiba yenye Wi-Fi Ahero au Kisumu mjini, pakua faili la kusakinisha uliweke kwenye flashi, umalizie nyumbani. Baada ya hapo kuandika tanbihi hakuhitaji intaneti hata kidogo. Inahitajika tu siku ya kutuma kwa wenzako. Nayo GitHub haitozi: maghala ya faragha yamekuwa ya bure tangu 2019, na tangu 2020 unaweza kuwaalika wenzako wowote bila kulipia.

Kabla ya kuandika chochote, itambulishe Git jina lako, la sivyo itakataa:

`git config --global user.name "Jina Lako"`
`git config --global user.email "anwani yako"`

Sasa ingia kwenye folda ya mradi na uangalie historia kwa ufupi:

`git log --oneline`

Utaona orodha, komiti moja kwa kila mstari, na mwanzoni mwa kila mstari herufi chache za kitambulisho. Huhitaji zote 40. Hizo chache zinatosha. Tuseme ile komiti yetu ya mpunga inaanza na 4f2c91a. Bandika tanbihi hivi:

`git notes add -m "14 ni asilimia ya unyevu anayodai mnunuzi. Zamani tulitumia 13." 4f2c91a`

Imekwisha. Ukisahau kutaja kitambulisho, Git itachukulia unamaanisha komiti ya mwisho kabisa. Ukisahau `-m` na maneno yake, itakufungulia kihariri, yaani dirisha la kuandikia, na huenda hicho kikawa Vim, ambacho kimewanasa wengi wakashindwa hata kutoka. Kikiwa Vim, bonyeza `i` uandike, kisha Esc, kisha `:wq` na Enter.

Kuisoma, andika `git log` bila `--oneline`. Chini ya ujumbe wa komiti ile utaona neno `Notes:` na maelezo yako. Ukitaka tanbihi peke yake, `git notes show 4f2c91a`. Mradi una komiti nyingi na hukumbuki uliandika wapi? `git notes list` itakuorodheshea zote.

Komiti moja hubeba tanbihi moja tu katika mstari mmoja wa tanbihi. Ukijaribu `add` mara ya pili Git itakataa, na itakuambia kwamba ukitaka kufuta ya zamani uongeze `-f`. Usikimbilie `-f`. Mara nyingi unachotaka ni kuongezea, na amri yake ni:

`git notes append -m "Tumeipima tena baada ya mavuno, iko sawa." 4f2c91a`

Maneno mapya yataingia chini ya yale ya kwanza. Kurekebisha tumia `git notes edit`, kuondoa `git notes remove`.

Sasa tufike penye mtego. Ukituma kazi yako kwa `git push` kama ulivyozoea, komiti zinakwenda, tanbihi zinabaki. Git haitakuonya. Mwenzako akipakua ghala naye hatapata tanbihi yoyote. Na hata zikifika kwenye seva, GitHub haizionyeshi kwenye kurasa zake. Iliwahi kuzionyesha kuanzia 2010, ikaacha mwaka 2014. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu kubwa ya tanbihi kutofahamika. Lazima uzitume kwa kuzitaja:

`git push origin refs/notes/commits`

Neno `origin` ni jina ambalo Git huipa seva uliyopakua ghala kutoka kwake. Mwenzako naye azivute hivi:

`git fetch origin refs/notes/commits:refs/notes/commits`

Ikiwa nyote wawili mmeandika tanbihi tangu mlipoagana, moja ya amri hizi itagoma. Usiilazimishe, maana ukilazimisha unafuta za mwenzako. Zivute uziweke mahali pengine, uziunganishe, halafu utume:

`git fetch origin refs/notes/commits:refs/notes/mwenzangu`
`git notes merge -s union mwenzangu`
`git push origin refs/notes/commits`

Hilo `-s union` linasema: tukikuta nyote mmeandika kwenye komiti moja, weka maneno ya wote wawili. Utakuta mahali wengine wanashauri uongeze kwenye mipangilio mstari wa `+refs/notes/*:refs/notes/*` ili tanbihi zije zenyewe kila ukivuta. Unafaa kwa anayesoma tu. Kwa anayeandika una hatari, kwa sababu ile alama ya kujumlisha inaruhusu za seva zifute zako ambazo hujazituma.

Na ukilazimika kweli kubadilisha komiti, tuseme ni ya kwako na hujaituma? Komiti mpya itazaliwa na kitambulisho kipya, na tanbihi itabaki kwenye ile ya zamani. Zuia hilo mapema, mara moja tu:

`git config --global notes.rewriteRef refs/notes/commits`

Kuanzia hapo tanbihi itahamia kwenye komiti mpya kila utumiapo `git commit --amend` au `git rebase`. Ikiwa umeshachelewa, `git notes copy` ikifuatwa na kitambulisho cha zamani na kipya itakuhamishia.

Kuna matumizi mengine ninayoyapenda kuliko haya ya kujibu maswali ya ofisini, nayo ni kujifunzia. Tanbihi unaweza kuzibandika kwenye komiti za mtu usiyemjua, bila kumwomba ruhusa, kwa sababu hugusi kazi yake. Chukua OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa ambao mizizi yake iko jirani hapa, katika kazi ya Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana, kule Eldoret. Ulianzishwa mwaka 2004, na KenyaEMR inayotumika katika vituo vya afya vya umma nchini imejengwa juu yake. Msimbo wake, yaani maandishi ya programu yenyewe, uko wazi kwa yeyote. Kwa kubana bando, vuta komiti 20 za mwisho tu:

`git clone --depth 20 https://github.com/openmrs/openmrs-core.git`

Fungua `git log`. Utaona ujumbe mwingi unaanza na TRUNK na namba, ambayo ni namba ya suala lililokuwa linashughulikiwa. Chagua komiti moja, itazame kwa `git show`, na ukielewa jambo, liandike kwa Kiswahili kwenye mstari wako wa pekee:

`git notes --ref=masomo add -m "Hapa wanakagua kama tarehe ya kuzaliwa iko mbele ya leo." kitambulisho`

Badala ya neno `kitambulisho` weka herufi za komiti uliyochagua. Ukitaka kuona masomo yako, `git log --notes=masomo`. Hakuna mwingine atakayeyaona mpaka wewe uyatume. Mistari ya namna hii unaweza kuwa nayo mingi upendavyo: mmoja wa masomo, mmoja wa matokeo ya majaribio, mmoja wa nani amekagua kazi gani.

Tahadhari moja tafadhali. Usiandike nywila, namba ya simu ya mkulima, wala jina la mgonjwa kwenye tanbihi. Watu hudhani `git notes remove` inafuta. Inaondoa tanbihi isionekane, lakini mstari wa tanbihi nao una historia yake, na anayejua kutafuta ataikuta. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 haitakuuliza kama uliiandika kwenye komiti au pembeni.

Wala usiigeuze tanbihi kuwa mahali pa kila kitu. Jambo ambalo kila atakayegusa mstari ule lazima alijue, kama ile 14, hatimaye liandike ndani ya msimbo wenyewe, kando ya namba, kwenye komiti mpya. Tanbihi iachie historia: kwa nini siku ile tuliamua vile, nani alikagua, hitilafu ipi iligunduliwa baadaye kwamba ilianzia hapa.

Ikiwa kompyuta si yako, au unaishi upande wa bonde la Kano ambako mto Nyando ukifurika maji hayabishi hodi, hakikisha tanbihi zako ziko kwenye seva kabla ya kuirudisha au kuifunga. Endesha amri hizi mbili:

`git ls-remote origin "refs/notes/*"`
`git rev-parse refs/notes/commits`

Ya kwanza inaonyesha kilichoko kwenye seva, ya pili kilichoko mkononi mwako. Kitambulisho kilicho kando ya `refs/notes/commits` katika ya kwanza kikifanana na kile kinachotolewa na ya pili, tanbihi za mstari huo zote zimefika. Vikitofautiana, huenda kuna ambazo hujazituma; ya kwanza isipotoa kitu, bado hujazituma.