Tumbo la Punda Limevimba Tangu Lini?

Wadogo zangu, leo nina swali la mdogo wetu mmoja wa Lamu. Punda wake jike, wa kubebea mchanga, tumbo limemtoka. Mume anasema ni mimba, na mtoto wa punda atakayezaliwa, yeye mume ameshaanza kumtafutia mnunuzi. Mama mkwe anasema ni minyoo tu. Jirani aliyezoea ng'ombe kamshauri amnyweshe mafuta ya kupikia, yakishindwa amtoboe ubavu hewa itoke. Sasa ananiuliza: Dada, nimsikilize nani?

Huyo wa kutoboa usimsikilize kabisa. Naanza na yeye kwa sababu ushauri wake unaua. Ng'ombe akijaa gesi hutuna ubavu wa kushoto, na daktari huweza kumtoboa hapo akapona. Punda na farasi wameumbwa vingine. Hawacheui. Mfuko wao wa chakula ni mdogo, na kazi kubwa ya kuyavunja majani hufanyika huko nyuma, kwenye utumbo mpana. Tena hawawezi kutapika, kikishaingia kimeingia. Ukimmiminia mafuta mdomoni punda aliyezibwa tumbo, unazidi kumjaza mahali pasipo na nafasi, na mafuta hayo ni rahisi sana kupotea njia yakaishia mapafuni. Daktari naye humpa dawa za maji, lakini huzipitisha kwa mpira wa puani, na hamimini mpaka ahakikishe mpira umefika tumboni.

Haya, tuje kwako. Barua yako ni ndefu, mdogo wangu, umenieleza mpaka ugomvi wa shemeji, ila hukuniambia tumbo limeanza lini. Hilo ndilo la kwanza. Tumbo lililotuna tangu asubuhi ni jambo moja, na tumbo lililokua taratibu tangu kabla ya Ramadhani ni jambo jingine kabisa.

Kama ni la leo, usimalize hata kusoma, mtafute daktari wa mifugo. Huenda ni msokoto wa tumbo: gesi, kinyesi kilichokauka ndani, au utumbo uliojikunja. Wakati unamngoja, mwondolee chakula, angalia kama ametoa kinyesi tangu usiku, kisha weka sikio lako ubavuni, sehemu ya juu, karibu na nyonga. Punda mzima tumbo lake halinyamazi. Upande wa kulia, kila baada ya dakika moja hivi au mbili, utasikia mchirizo mrefu kama maji yanayoteremka kwenye bomba. Ukisikia kimya pande zote mbili, mwambie daktari hivyo hivyo. Fungua na mdomo uangalie ufizi: uwe wa waridi na wenye unyevu, na ukiubonyeza kwa kidole rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Mapigo ya moyo, akiwa ametulia, huwa kati ya 36 na 52 kwa dakika. Yakipita 60, hilo si la kusubiri kesho.

Na msimngoje agaegae ndiyo mjue anaumwa. Farasi akisokotwa na tumbo hupiga chini kwato, hujitupa, mtaa mzima ukajua. Punda husimama. Kichwa chini, masikio yamelegea, chakula anakiangalia tu, au anatafuna kidogo kama wa kukuridhisha. Watu humwona hivyo wakasema amekuwa mvivu, wakamchapa na kumpakia. Wallahi hili linaniudhi. Punda aliyekataa chakula siku nzima tayari ni mgonjwa wa dharura, hasa akiwa mnene au mwenye mimba, maana mwili wake huanza kuyayeyusha mafuta yake yenyewe kwa wingi hadi yakajaa kwenye damu na kuharibu ini. Wengi wanakufa kwa hilo hata baada ya tumbo lenyewe kufunguka.

Lakini nahisi la kwako si la leo. Basi fanya hivi: acha kulitazama tumbo, mshike mgongo. Pitisha kiganja kutoka mabegani hadi kwenye nyonga, halafu ubavuni. Ukikuta uti wa mgongo unachoma mkono, mbavu zinahesabika, nyonga zimetoka, na tumbo limening'inia chini, huyo hajanenepa. Ana njaa iliyojificha. Anakula mabua na nyasi zilizokomaa, zinazokaa muda mrefu utumboni na kumpanua bila kumjenga nyama. Mpunguzie mabua, umwongezee taratibu majani mabichi na majani ya kunde yaliyokaushwa. Nasema taratibu. Usimrukie na debe la mahindi kwa huruma, maana nafaka nyingi kwa ghafla humletea ugonjwa wa kwato akashindwa hata kusimama, na mahindi yenye ukungu huharibu ubongo wake.

Mwili huo huo, kukonda juu na tumbo chini, unaweza pia kuwa wa minyoo, kwa hiyo mama mkwe hajakosea kufikiria hivyo. Ila minyoo haijulikani kwa macho. Chukua kinyesi kibichi kwenye mfuko safi, kipelekwe kupimwa mayai siku hiyo hiyo. Dawa hutolewa kwa uzito wa mnyama, na daktari ana utepe wa kumzungushia kifuani aukadirie. Kama kuna mtoto wa punda mwenye kitambi, huyo msimpe dawa kwa kubahatisha hata kidogo: minyoo mikubwa ikifa yote kwa pamoja huweza kumziba utumbo.

Lamu kuna jambo jingine, nalo nataka mlisikilize. Kazi ikiisha, punda wengi huachwa wakajitafutie vichochoroni na kwenye majaa. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa mwaka 2017, lakini kamba za nailoni, magunia na karatasi za vyakula zimejaa tele. Punda hula kwa sababu vimenukia chakula, na plastiki haisagiki. Hujisokota na mchanga na majani ndani ya utumbo mpana, donge likakua kwa miezi. Mkague na meno pia. Akidondosha vibonge vya majani yaliyotafunwa nusu, meno yamemharibikia, na chakula kinashuka tumboni kikiwa kigumu.

Kisha bonyeza kwa dole gumba chini ya tumbo, mbele kidogo ya kiwele, uhesabu hadi tano, uachie. Shimo likibaki, ni maji chini ya ngozi. Jike anayekaribia kuzaa huweza kuwa nayo na isiwe shida. Asiye na mimba akiwa nayo, ufizi nao ukiwa umepauka, ni ishara ya damu kupungua, minyoo mizito, moyo, au ugonjwa wa mbung'o kama amewahi kuchungwa bara kwenye vichaka. Uvimbe laini kitovuni peke yake huenda ni henia.

Sasa mimba, nisije nikamnyima mumeo haki yake. Punda hubeba karibu miezi 12, wengine hufika 14, na tumbo huonekana miezi ya mwisho tu. Muulize mumeo alipandwa lini. Kama hajui, na punda analala nje na madume kila usiku, basi hakuna anayejua, na daktari amguse kwa ndani au ampige altrasaundi. Kiwele kikianza kujaa mmebakiwa na wiki chache.

Mimba na minyoo vinaweza kukaa tumbo moja, kwa hiyo mwambie daktari juu ya vyote viwili kabla hajachagua dawa, maana si kila dawa inamfaa mwenye mimba. Akithibitisha mimba, soji itundikwe miezi mitatu ya mwisho. Mumeo akilalamika mchanga utabebwa na nani, mwonyeshe mkokoteni.