Dawa Mseto ya Malaria: Ijue, Imeze, Imalize

Katika nyumba nyingi, juu ya kabati au chini ya mto, kuna pakiti ya dawa ya malaria yenye vidonge viwili vitatu vilivyobaki. Homa ilishuka siku ya pili, mgonjwa akajiona amepona. Vidonge hivyo ndivyo vilivyokuwa vimalize kazi.

Kwa nini dawa mbili?
Dawa mseto ni dawa mbili zinazofanya kazi pamoja. Ya kwanza, ya jamii ya artemisinini, huua vimelea vingi vya malaria upesi lakini hutoka mwilini baada ya saa chache. Ya pili hukaa siku nyingi na kumaliza vilivyosalia. Ni kama palizi: mmoja hufyeka, mwenzake hung'oa mizizi. Zamani klorokwini, dawa nyingine ya malaria, ilitumika peke yake mpaka vimelea vikaizoea. Tanzania Bara ikaiacha mwaka 2001.

Ipi humezwaje?
• ALu (artemetha na lumefantrini): dawa ya kwanza Tanzania Bara na Kenya. Ni dozi 6 kwa siku 3. Ukianza saa 2 asubuhi, dozi ya pili ni saa 10 jioni. Siku mbili zinazofuata, meza saa 2 asubuhi na saa 2 usiku. Imeze pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta ili mwili uifyonze vizuri.
• Artesuneti na amodiakwini: Zanzibar ilianza kuitumia mwaka 2003. Mara moja kwa siku, siku 3. Huweza kuleta uchovu na muwasho. Anayetumia efavirenzi (dawa ya VVU) amwambie mhudumu wa afya kwanza.
• Dihidroartemisinini na piperakwini: hutolewa hasa ALu isipofaa. Mara moja kwa siku, siku 3, bila mlo wa mafuta mengi. Hukaa mwilini wiki kadhaa, hivyo huchelewesha maambukizi mapya.

Zote huponya vizuri zikimezwa sawasawa.

Kumbuka
• Pima damu kwanza. Si kila homa ni malaria.
• Mtoto apimwe uzito. Dozi hufuata kilo zake.
• Mgonjwa akitapika ndani ya nusu saa, rudia dozi hiyo, kisha urudi kituo cha afya kuongezewa vidonge.
• Degedege, kupoteza fahamu, kushindwa kunyonya, kutapika kila kitu au mkojo mweusi: mkimbize hospitali hata kama ni usiku.

Tayari vimelea vinavyostahimili artemisinini vimeonekana Rwanda, Uganda na Tanzania. Mama, baba, mlezi: usigawe dozi, usiweke akiba. Maliza vidonge vyote.