Dondoo muhimu: Baruti ipi inakupa shabaha nzuri?
Huko Marekani, wapiga shabaha wanaojijazia risasi za .308 Winchester hawaishi kubishana: baruti ya Varget au ya IMR 4064? Ukitaka jibu, badilisha baruti peke yake. Ganda, fataki na kichwa cha risasi vibaki vilevile. Anzia kipimo cha chini kabisa katika kitabu cha mtengenezaji, wala usikisie. Pima kila mjazo kwa mizani, kwani punje ndefu za 4064 hukwama kwenye mashine ya kumiminia. Matundu matatu yaliyobanana kwenye shabaha huenda ni bahati tu; piga kumi. Linganisha pia kasi asubuhi ya baridi na mchana wa jua kali, ambapo Varget inastahili sifa zake za kutoyumbishwa sana na joto. Ili usizichanganye, mezani liwepo kopo moja tu la baruti.