Fundisho la Kazi: Jinsi ya Kupanga Bei ya Kufyeka Majani



Mvua za masika zikinyesha vema hapa Korogwe na kule Handeni, majani huota upesi kuliko watu wanavyoweza kuyaondoa. Nyua za nyumba, viwanja vya shule na njia za miguu, zote hufunikwa, na wenye nyumba huogopa nyoka. Ndipo vijana wa sharika zetu wachukuapo kwanja, au mashine ya kufyekea ya kuvaa begani, wakaenda nyumba kwa nyumba kutafuta kazi. Kazi hii ni njema. Walakini wako waianzao mwezi wa Machi, na kabla ya mwaka kwisha wameiacha. Mashine imekufa, na deni limebaki. Si kwamba ni wavivu. Hawakujua kupanga bei. Basi leo tujifunze jambo hili moja, nanyi waalimu mwaweza kulifundisha kwa vijana wenu.

1. Hatari ya kusema, "Nipe utakachoona"

Kijana akiulizwa bei, mara nyingi hujibu, "Wewe nipe tu utakachoona." Yeye adhani ya kuwa huo ndio uungwana. Lakini neno hilo huwatega wote wawili. Mwenye nyumba afikiri moyoni shilingi 8,000, kijana afikiri 20,000, wala hawaambiani. Jua likitua, mmoja aona amedhulumiwa, na mwingine aona ametozwa kupita kiasi. Nao ni majirani, kesho watakutana tena sokoni. Kwa hiyo adabu ya kweli ni kutaja bei kabla ya kufyeka jani la kwanza.

2. Pima kazi, usipime jua

Wazee wetu walijua kupima kazi. Mtu alipimiwa ngwe yake ya kulima, naye akiisha kuimaliza alikwenda zake, hata kama jua lilikuwa bado juu. Na katika mashamba ya mkonge, mmea ulioletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, mkata mkonge alihesabiwa mafungu ya majani aliyoyakata. Siku aliyotimiza kazi yake iliandikwa katika kipande, yaani kadi yenye nafasi 30, naye alilipwa nafasi zote zikiisha kujaa. Katika desturi ile kipimo cha kazi kilijulikana mapema, na hilo lilifaa. Ila bei ilipangwa na mwenye shamba, na mfanya kazi hakuulizwa. Wewe ufyekaye leo mtaani huna msimamizi wa kukupimia. Yakupasa kupima mwenyewe na kupanga bei mwenyewe.

Fanya hivi. Siku moja fyeka mahali palipo sawasawa kwa muda wa saa moja, kisha hesabu kwa hatua urefu na upana wa mahali ulipofyeka. Ukiona ni hatua 20 kwa 10, basi umejua nguvu yako. Uwanja wa hatua 30 kwa 20 utakuwa mara tatu ya hapo, nao utakuchukua saa tatu. Tena usitaje bei ya uwanja usiouona kwa macho. Nenda ukautembelee, utazame mawe, visiki, nyaya na mashimo. Majani yafikayo kiunoni huchukua muda mwingi kuliko ukoka uliofyekwa wiki mbili zilizopita. Kwa hiyo bei ya mara ya kwanza iwe mbali na bei ya mara zifuatazo, na mwenye nyumba aambiwe sababu.

3. Hesabu gharama zote, hata zile zisizoonekana

Tuchukue mfano, nawe utaweka hesabu za kwako. Kijana amenunua mashine kwa shilingi 480,000, naye atumaini kufyeka nyua 240 kabla haijachakaa. Gawanya, utaona kila uwanja wala shilingi 2,000 za mashine. Hizo hazionekani siku ile, lakini zaliwa kweli. Tena kwa uwanja mmoja petroli na oili ni 3,500, uzi wa kukatia na matengenezo madogo 1,000, nauli 1,500, ujira wa msaidizi akusanyaye majani 5,000, na ujira wake mwenyewe kwa nusu ya siku 7,000. Jumlisha zote: ni shilingi 20,000. Hiyo ndiyo bei ya haki.

Sasa tuseme kijana huyo, kwa kuogopa kukosa kazi, amekubali 12,000. Jioni alipa petroli, uzi, nauli na msaidizi, jumla 11,000. Aona shilingi 1,000 mfukoni, afurahi, akidhani ni faida. Lakini mashine imekula 2,000. Kumbe ametoka jasho nusu ya siku, na juu yake amepoteza shilingi 1,000! Akifanya hivyo mara 240, mashine itakufa, naye hatakuwa na fedha ya kununua nyingine. Hivi ndivyo kazi nyingi zifavyo, na watu husema bahati mbaya.

Mwenye kutumia kwanja naye asidhani hana gharama. Kwanja huchakaa, tupa ya kunolea huisha, na mwili wahitaji chakula na siku ya kupumzika. Mambo hayo yote yana bei.

Na shilingi 2,000 za mashine, usizichanganye na fedha ya mboga. Ziweke mbali kila jioni, uandike katika daftari. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

4. Kumbuka kiangazi

Majani hayaoti sawasawa mwaka mzima. Wakati wa masika, Machi hata Mei, na tena wakati wa vuli, kazi ni nyingi. Lakini wakati wa jua kali, zaidi upande wa Handeni ambako nchi ni kavu, kwanja hulala. Mtu alaye fedha yote ya masika atakopa wakati wa kiangazi.

Dawa yake ni mapatano ya mwaka. Tuseme mwenye nyumba ataka uwanja wake ufyekwe mara mbili kila mwezi katika Machi, Aprili, Mei, Novemba na Desemba. Hizo ni mara 10. Tena mara moja mwezi wa Juni, na mara moja Oktoba. Jumla ni mara 12, kwa shilingi 20,000 ni 240,000. Gawanyeni kwa miezi 12, naye atalipa 20,000 kila mwezi, mvua inyeshe au isinyeshe. Yeye hapati mzigo mzito wakati wa masika, na kijana apata unga wakati wa jua. Lakini yaandikeni, kila mmoja awe na karatasi yake, na siku za kazi zitiwe alama. Mmoja akitaka kuacha katikati ya mwaka, hesabuni kazi iliyofanyika na fedha iliyolipwa, mmalize tofauti iliyobaki, mwachane kwa amani.

5. Kupunguza bei kwa haki

Mtu atasema, "Je, mjane mzee asiye na kitu nimtoze 20,000?" La, waweza kumpunguzia, hata kumfyekea bure. Lakini angalia watoa katika fungu la nani. Ujira wako wa 7,000 ni mali yako, waweza kuusamehe. Ujira wa msaidizi si mali yako. Ukimpa 2,000 badala ya 5,000 kwa sababu umemhurumia mjane, basi aliyetoa sadaka ni msaidizi, nawe umechukua sifa. Hayo si huruma.

Na ninyi wazee wa sharika, msiwaambie vijana, "Hii ni kazi ya kanisa," ili mpunguze bei bila kuuliza. Ikiwa ni ya kujitolea, semeni hivyo mapema, na watu wote waje na makwanja yao. Ikiwa ni ya kulipwa, ilipwe kama inavyolipwa kwa jirani.

Na ukimwona mwenzako afyeka kwa bei ya chini, usikimbilie kushuka chini yake. Mwonyeshe hesabu hii. Huenda hajui ya kuwa anakula mashine yake mwenyewe.

Maswali ya kuwauliza vijana

1. Kwa nini bei itajwe kabla ya kazi, na si baada yake?
2. Uwanja wa hatua 40 kwa 20 utachukua saa ngapi kwa mtu afyekaye hatua 20 kwa 10 kwa saa moja?
3. Kijana akipokea 15,000 katika mfano wetu, akiisha kulipa gharama zote na kuweka fedha ya mashine, amebakiwa na ujira wa shilingi ngapi?
4. Ukitaka kumsaidia maskini, fedha hiyo itoke katika fungu lipi?

Jibu la swali la pili ni saa nne, na la tatu ni shilingi 2,000. Mtu na ajiulize kama nusu ya siku yake yafaa kiasi hicho. Akiisha kujijibu, ataweza kutaja bei yake bila haya, na jirani yake ataweza kuikubali au kuikataa bila ugomvi.