SOMO: Maua ya Deizi Kwenye Mikebe



Wengine husema ati maua ni ya matajiri. Lakini matajiri hununua kwa nani? Tukitazama vitalu vilivyo kando ya barabara za Nairobi, tutaona wauzaji wengi walianza na mikebe michache.

Shida yetu ni ardhi. Nyumba za Muthurwa zilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli. Mpangaji hana shamba. Mwaka 2010 wapangaji walianza kufukuzwa, kesi ikaenda Mahakama Kuu, na hukumu ikatolewa 2013. Kwa hiyo kikundi kisicho na ardhi kipande kitu kinachobebeka. Ua la mkebeni huhama na mwenyewe.

Mmea wenyewe

Tunapendekeza kichaka cha deizi ya njano, ambacho wataalamu hukiita Euryops. Asili yake ni Afrika Kusini. Hufika kama mita moja, majani yake ni mabichi mwaka mzima, na hupenda jua. Hali ya hewa ya Nairobi, isiyo na joto kali, inakifaa.

Kuzalisha

Nunueni mmea mmoja wenye afya. Huo ndio mama. Kisha:

1. Kata ncha za matawi yasiyo na maua, urefu wa kidole. Ondoa majani ya chini.
2. Toboa mikebe chini. Jaza mchanga na mboji, nusu kwa nusu. Mabaki ya mboga ya sokoni yanafaa kwa mboji, ila yaoze kabisa kwanza. Yakiwa bado moto huunguza mizizi.
3. Chomeka vipandikizi, mwagilia, kisha funika kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako. Weka kivulini.
4. Ngoja wiki nne hadi sita. Msivivute-vute kuangalia mizizi! Majani mapya yakitokea, toa chupa na uzoeze miche jua polepole.
5. Kata ncha ya kila mche ili utoe matawi mengi.

Kutunza

Miche mingi hufa kwa maji mengi kuliko kwa kiu. Ingiza kidole kwenye udongo. Kikitoka na unyevu, usimwagilie. Maji mliyooshea mboga yanatosha, na hayaongezi gharama ya mtungi. Mbolea iwe kidogo, la sivyo utapata majani matupu. Maua yakinyauka, yakate. Msimu wa maua ukiisha, punguza matawi kwa theluthi moja, lakini usikate hadi kwenye mti mkavu usio na majani, kwa sababu huenda usichipue tena. Vidukari wakiingia, waoshe kwa maji yenye sabuni kidogo.

Kuuza

Uza mche ukiwa umechanua, maana mnunuzi hununua anachokiona. Tuseme mmechomeka 20, wakashika 12: uzeni tisa, wekeni watatu wawe mama wapya. Mteja atakuja na pesa nzuri akitaka ule mkubwa kabisa, siku ambayo mfuko wa kikundi hauna kitu. Msikubali. Mama akiuzwa, mwezi ujao hakuna cha kukata, na kazi yote inaanza upya.

Maswali ya kujadiliana

1. Mikebe yetu itakaa wapi ipate jua na isiibwe?
2. Nani atamwagilia wiki hii, na nani wiki ijayo?
3. Tumekubaliana wote kwamba mmea mama hauuzwi?