SOMO: KUUTENGENEZA MTAA PAMOJA NA WAKAAO NDANI YAKE

Mbeya ilipewa cheo cha jiji mwaka 2005. Lakini chini ya mlima Loleza ziko nyumba nyingi zilizojengwa kabla mpimaji hajafika. Njia zake ni nyembamba, maji ya mvua hupita milangoni, na mgonjwa hubebwa mpaka barabara kuu. Basi twauliza: Mtaa kama huo hutengenezwa na nani?

1. Sheria yajibu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 iliweka njia ya urasimishaji, yaani kuipanga na kuipima mitaa iliyokwisha kujengwa, badala ya kuibomoa. Nayo yataka kujulikana kwanza kama wenyeji wengi wapenda kushiriki.

2. Mfano watufundisha. Huko Hanna Nassif, Kinondoni, Dar es Salaam, katika miaka ya 1990, wenyeji walifanya kamati yao, wakachimba mifereji na kutengeneza njia kwa mikono yao, wakalipwa ujira. Wanawake nao walikuwamo kazini. Maana aliyeuchimba mfereji hapendi kuona jirani akiutupia takataka.

3. Mzigo wapasa kugawanywa. Njia ikipanuliwa, mmoja hutoa hatua tatu za kiwanja chake. Mwingine hatoi kitu, naye hupita njia ile ile. Jambo hili lizungumzwe kabla ya vigingi kuwekwa, si baadaye. Tena mtaa ukiisha kutengenezwa, kodi za nyumba huweza kupanda, na mpangaji aliyebeba mawe akalazimika kuhama. Basi asisahauliwe. Mkutano mkuu wa mtaa ni wa wakazi wote waliotimiza miaka 18, wala si wa wenye nyumba peke yao.

Twasoma katika Nehemia sura ya 3 kwamba wengine walijenga ukuta mbele ya nyumba zao wenyewe. Lakini sura ya 5 yasimulia kilio cha maskini walioweka rehani mashamba yao. Nehemia hakuwaambia wangoje ukuta umalizike. Aliita mkutano, wakubwa wakaahidi kurudisha mali. Hivyo ukuta na haki vilikwenda pamoja.

Maswali ya kuzungumza:
Katika mtaa wetu, ni nani asiyeulizwa kamwe?
Je, sisi tulihudhuria mkutano uliopita, au twangoja kunung'unika tu?